Jicho, Dirisha la Figo: Dalili za Retina kwa Wagonjwa wa Figo na Lugha ya Kuzieleza

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii humsuta mgonjwa ajuaye kinachomsibu akakinyamazia. Yapo hata hivyo maradhi yanayojificha yenyewe, mwenye mwili akaendelea na shughuli za riziki asijue kwamba kikulacho ki nguoni mwake. Ugonjwa sugu wa figo ni mojawapo. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake bila ya kuhisi maumivu yoyote. Aghalabu miguu inapovimba, hamu ya chakula inapotoweka na pumzi inapopungua, mambo huwa yamekwisha kwenda mrama.

Hata hivyo, kimya hicho kina msaliti wake. Nyuma ya jicho, katika utando uitwao retina, mabadiliko yanayoipata mishipa midogo ya damu huweza kuonekana kabla mgonjwa hajajua kwamba figo zake zimo hatarini. Daktari anayelitazama jicho huona nyuzi za damu, madoa na mabaka ambayo kwake ni maandishi yanayosomeka.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanaeleza dalili zinazoonekana katika retina za wagonjwa wa figo, asili yake na mipaka ya ushahidi wake. Pili, yanachunguza lugha inayotumika kuzieleza dalili hizo, kwa kuwa ujuzi wa daktari humfaa mgonjwa pale tu unapomfikia kwa maneno anayoyaelewa. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, suala hili la pili ndilo linalomgusa moja kwa moja.

Ujamaa wa Jicho na Figo

Kwa mtazamo wa haraka, jicho na figo ni viungo visivyohusiana kabisa. Kimoja ki usoni na kazi yake ni kupokea nuru. Kingine ki kiunoni na kazi yake ni kuchuja damu. Ujamaa wao umo katika mishipa.

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja viitwavyo nefroni. Mwanzoni mwa kila nefroni pana kifundo cha kapilari, yaani mishipa myembamba mno iliyojisokota mithili ya fundo la uzi. Kwa siku moja, vifundo hivi huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka katika damu. Sehemu kubwa ya majimaji hayo hurudishwa mwilini, na inayobaki, ambayo kwa kawaida ni lita moja hadi mbili, hutoka kama mkojo. Vifundo vikiharibika, protini iitwayo albumini, ambayo ilipaswa kusalia katika damu, huvuja na kuingia katika mkojo.

Retina nayo ni utando ambao unene wake haufiki nusu milimita. Umeutandika ukuta wa ndani wa jicho, na ndio unaoigeuza nuru kuwa ujumbe unaosafirishwa na neva ya jicho hadi kwenye ubongo. Utando huu hulishwa na kapilari laini ambazo, kama zile za figo, haziwezi kuvumilia kwa muda mrefu shinikizo kubwa la damu wala sukari iliyokithiri. Maadui wakuu wa figo ni hao hao wawili, shinikizo la damu na kisukari, na wanapovamia nyumba moja huwa wamekwisha kubisha katika nyingine.

Historia ya tiba ina mtu mmoja anayeuonyesha ujamaa huu vizuri. Mnamo mwaka wa 1842, Mwingereza William Bowman alieleza umbo la kikombe kinachokizingira kifundo cha kapilari katika figo, na kikombe hicho kinaitwa kwa jina lake hadi leo. Bowman huyo huyo baadaye akawa daktari mashuhuri wa macho jijini London, na mojawapo ya tabaka za konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, vilevile hubeba jina lake.

Ujamaa huu huonekana pia katika maradhi ya kurithi. Mwaka wa 1927, daktari Cecil Alport alieleza ugonjwa wa ukoo mmoja ambao wanajamaa wake waliugua figo na kupoteza uwezo wa kusikia. Utafiti wa baadaye ulibaini kwamba chanzo ni hitilafu katika kolajeni ya aina ya nne, protini inayojenga utando wa msingi katika figo, katika sikio na katika jicho. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa wa Alport huwa na lenzi ya jicho iliyochomoza mbele, na vijidoa vyeupe au vya manjano vilivyotawanyika katika retina. Hapa kosa ni moja. Viungo vinavyolilipia ni vitatu.

Safari ya Kulitazama Jicho

Mnamo mwaka wa 1827, daktari Richard Bright wa hospitali ya Guy's, London, alichapisha maelezo ya wagonjwa waliovimba mwili, waliokuwa na albumini katika mkojo, na ambao figo zao zilipatikana zimeharibika baada ya kufa. Kwa miaka mingi maradhi ya figo yaliitwa ugonjwa wa Bright. Madaktari wa zama hizo walitambua kuwa baadhi ya wagonjwa hao walipofuka, lakini sababu hawakuiona. Mboni ya jicho la mtu aliye hai ilikuwa mlango wa giza.

Mlango huo ulifunguliwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz, aliyechapisha mwaka wa 1851 maelezo ya kifaa alichokibuni cha kutazamia ndani ya jicho, yaani oftalmoskopu. Siri ya kifaa hicho ni kuelekeza nuru ndani ya mboni kwa namna ambayo mtazamaji anaweza kuipokea inaporudi. Haikupita miaka kumi kabla ya Richard Liebreich kueleza, mwaka wa 1859, jinsi retina ya mgonjwa wa figo inavyoonekana. Mwishoni mwa karne hiyo ya kumi na tisa, Marcus Gunn, daktari wa macho wa London, alieleza jinsi ateri iliyokakamaa inavyoibana vena pale mishipa hiyo inapopishana.

Hatua nyingine kubwa ilipigwa mwaka wa 1939 nchini Marekani. Keith, Wagener na Barker waliwagawa wagonjwa wa shinikizo la damu katika makundi manne kwa kuzingatia hali ya retina zao. Katika kundi la kwanza, lililokuwa na mabadiliko madogo, wagonjwa wapatao asilimia 70 walikuwa hai baada ya miaka mitatu. Katika kundi la nne, ambalo kichwa cha neva ya jicho kilikuwa kimevimba, waliosalia walikuwa asilimia 6 tu. Ikumbukwe kwamba wakati huo dawa madhubuti za kushusha shinikizo la damu hazikuwapo. Takwimu hizo zinasimulia jinsi ugonjwa ulivyokwenda ulipoachwa ujiendee, na jinsi jicho lilivyoweza kumbashiria daktari mwisho wa safari.

Yanayoonekana katika Retina

Dalili zinazopatikana kwa wagonjwa wa figo zinaweza kuwekwa katika mafungu matatu makuu, ingawa mgonjwa mmoja aghalabu huwa na mchanganyiko.

Fungu la kwanza ni la shinikizo la damu. Figo zilizougua hupandisha shinikizo, na shinikizo lililopanda huzidi kuziharibu figo. Ni mduara usio na mwanzo wala mwisho. Katika retina, ateri ndogo husinyaa. Kuta zake zikizidi kuwa nene, nuru inayoakisiwa hubadilika, na mshipa ukang'aa kama waya wa shaba. Hali ikiendelea hadi damu iliyo ndani isionekane tena, mshipa huonekana kama waya wa fedha. Shinikizo likipanda kwa ukali, damu huvuja na kusambaa kwa kufuata mkondo wa nyuzi za neva zilizo katika tabaka la juu la retina, ikachukua umbo la ndimi za moto. Sehemu za tabaka hilo zinazokosa damu hufanya mabaka meupe yenye kingo zisizo dhahiri, mfano wa vipande vya pamba iliyochambuliwa. Mafuta na protini zinazovuja huweza kujipanga kwa mistari kuizunguka makula, ile sehemu ya kati inayotuwezesha kusoma na kutambua nyuso, zikafanya umbo la nyota. Kichwa cha neva ya jicho kikivimba, hiyo ni dharura, na mgonjwa hapaswi kurudi nyumbani akangojee tarehe nyingine ya kliniki.

Fungu la pili ni la kisukari. Hapa kuta za kapilari hulegea na kufanya vifuko vidogo ambavyo daktari huviona kama nukta nyekundu. Damu inayovuja katika tabaka za ndani zaidi haipati nafasi ya kusambaa, hivyo hufanya nukta na madoa ya mviringo badala ya ndimi. Mafuta yaliyovuja huacha chembe za manjano. Retina ikikosa hewa ya oksijeni ya kutosha, huchochea kuota kwa mishipa mipya. Mtu angedhani mishipa mipya ni neema, lakini hii ni mikonge: huvuja, hupasuka na kuujaza damu uteute wa jicho, na makovu yake huweza kuivuta retina ikabanduka.

Fungu la tatu linatokana na kushindwa kwa figo zenyewe. Figo hutengeneza homoni inayochochea uundaji wa chembe nyekundu za damu. Homoni hiyo ikipungua, mgonjwa hupungukiwa damu. Retina huweza kupauka na kuvuja damu hapa na pale. Aidha, maji yanapojaa mwilini na shinikizo kupanda, majimaji huweza kukusanyika chini ya retina na kuibandua. Jambo la kutia moyo ni kwamba mbanduko wa aina hii mara nyingi hupungua shinikizo linapodhibitiwa na maji ya ziada kuondolewa, yakiwemo yale yanayoondolewa kwa mashine ya kusafisha damu.

Fauka ya hayo, dawa nazo zina nafasi yake. Haidroksiklorokwini, ambayo hutumiwa na wagonjwa wa lupasi, ugonjwa unaoweza kushambulia figo, kwa kiasi fulani huondolewa mwilini kupitia figo. Figo zikiwa dhaifu, dawa hiyo hulimbikizana na hatari ya kuidhuru retina huongezeka. Kwa hivyo kipimo cha dawa na uchunguzi wa macho havina budi kwenda sambamba.

Uzito wa Ushahidi na Mipaka Yake

Je, dalili hizi hupatikana kwa wingi kiasi gani? Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010 nchini Marekani ulichunguza picha za retina za wagonjwa zaidi ya 1,900 wa ugonjwa sugu wa figo. Takriban asilimia 45 kati yao walikuwa na kasoro fulani nyuma ya jicho, na asilimia 3 walikuwa na hali iliyohitaji kushughulikiwa kwa haraka. Kadiri utendaji wa figo ulivyokuwa chini ndivyo maradhi ya retina yalivyozidi kuonekana.

Hata hivyo, dalili ya jicho haitoshi kuwa hukumu. Madoa ya damu katika retina huweza kusababishwa na maradhi mengi yasiyohusu figo. Kinachothibitisha ugonjwa wa figo ni vipimo vya figo: albumini katika mkojo, na kreatinini katika damu ambayo hutumiwa kukadiria kasi ya uchujaji. Jicho humwambia daktari mahali pa kutazama.

Wakati mwingine hata usafi wa retina ni ushahidi. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza ambaye figo zake zimeharibiwa na kisukari karibu kila mara huwa na madhara ya kisukari katika retina pia. Akionekana na albumini nyingi katika mkojo ilhali retina yake ni safi, daktari hulazimika kujiuliza iwapo figo zake zina ugonjwa mwingine unaohitaji tiba tofauti. Kwa kisukari cha aina ya pili uhusiano huu ni legevu zaidi, na retina safi haiwezi kuiondolea lawama sukari.

Teknolojia nayo imeongeza sura mpya. Mwaka wa 2020, watafiti wa Singapore walichapisha matokeo ya programu ya kompyuta iliyofundishwa kutambua ugonjwa sugu wa figo kwa kusoma picha za retina pekee. Nchini Kenya, utafiti uliofanyiwa Nakuru na kuchapishwa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba picha za kichwa cha neva ya jicho zilizopigwa kwa simu iliyounganishwa na kifaa maalumu zilikaribiana na zile za kamera ya kawaida ya macho. Utafiti huo haukuhusu figo, lakini somo lake ni kubwa: jicho la mwanakijiji linaweza kupigwa picha mbali na hospitali kubwa.

Lugha ya Dalili: Sitiari Katika Zahanati

Msomaji aliyefuatilia maelezo ya hapo juu atakuwa ametambua jambo moja. Waya wa shaba, waya wa fedha, ndimi za moto, pamba, nyota: lugha ya daktari wa macho imejaa sitiari. Wale waliotazama retina kwa mara ya kwanza waliona kitu kisicho na jina, wakafanya kile afanyacho mshairi, yaani kukifananisha kisichojulikana na kinachojulikana. Vifaa walivyovitumia ni vya nyumbani na vya karakana.

Hili lina maana kubwa kwa Kiswahili. Mara nyingi hudaiwa kwamba istilahi za tiba ni ngumu kutafsirika. Madai hayo yana ukweli kwa majina ya kemikali na protini, ambayo njia yake rahisi ni kutoholewa, kama ilivyofanyika kwa albumini na kolajeni. Kwa dalili za retina hali ni tofauti, kwa kuwa taswira zenyewe zimo tayari katika lugha. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa pamba ni nini, na ulimi wa moto ni usemi wake wa siku zote. Istilahi kama mabaka ya pamba, damu ya ndimi za moto, nyota ya makula na vifuko vya kapilari zinaeleweka zinapotamkwa, na bado zinahifadhi maana ya kitaalamu.

Ugumu halisi uko katika maneno ambayo tayari yanatumika na yana maana zaidi ya moja. Chukua neno mshipa. Kwa msemaji wa kawaida, mshipa ni ateri, ni vena, ni neva, na katika matumizi mengine ni ngiri. Anayeambiwa kuwa "mshipa wa jicho" umevimba hawezi kujua kama kilichovimba ni mshipa wa damu au ni neva.

Tatizo la neno presha ni zito zaidi. Katika mazungumzo ya kila siku, presha ni shinikizo la damu. Lakini presha ya macho ni jina ambalo wengi hulitumia kwa glakoma, ugonjwa unaoiharibu neva ya jicho na ambao mara nyingi huhusishwa na shinikizo la majimaji ndani ya jicho. Tuseme basi mgonjwa ana mabaka ya pamba na damu ya ndimi za moto, naye akaambiwa kwa haraka, "Mama, presha imefika kwenye macho." Mama huyo anaweza kufahamu kwamba ana presha ya macho, kama jirani yake anayetiwa matone kila jioni. Atatafuta matone. Vidonge vya kushusha shinikizo la damu huenda akaviacha, maadamu tatizo, kwa ufahamu wake, limehamia machoni. Mkojo wake hautapimwa, na figo zitaendelea kunyamaza. Neno moja lisilofafanuliwa litakuwa limeifunga njia ambayo oftalmoskopu iliifungua.

Kuna dhana nyingine inayostahili kurekebishwa kwa lugha nyepesi. Watu wengi huamini kwamba jicho linaloona vizuri ni jicho zima, na kwamba kila ukungu wa uzeeni ni mtoto wa jicho unaosubiri upasuaji. Retina inaweza kuwa na maradhi ya kisukari kwa miaka huku mwenyewe akisoma gazeti bila ya shida. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili hushauriwa achunguzwe retina mara tu ugonjwa unapogunduliwa, na wa aina ya kwanza ndani ya miaka mitano, kisha uchunguzi urudiwe kwa kawaida kila mwaka. Kwa wanaogunduliwa mapema, kudhibiti sukari na shinikizo la damu hulinda viungo vyote viwili, na tiba ya leza au sindano za dawa ndani ya jicho huweza kuokoa uwezo wa kuona.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba retina na figo hushiriki ujenzi wa kapilari laini na maadui wale wale, na kwa hivyo mabadiliko katika retina huweza kutoa habari za figo. Yameonyesha pia kwamba habari hizo zinahitaji kuthibitishwa kwa vipimo vya mkojo na damu, na kwamba zinaweza kupotea njiani baina ya kinywa cha daktari na sikio la mgonjwa.

Hapo ndipo penye wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Kazi ya istilahi isiishie kwenye orodha za maneno zinazohifadhiwa maktabani. Inapasa ifike zahanati, isikilize jinsi wagonjwa wanavyozungumza, ibaini ni wapi presha moja inachukuliwa kuwa nyingine, kisha ipendekeze maneno ambayo muuguzi anaweza kuyatamka na bibi wa kijijini akayaelewa. Dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu ya ugonjwa wa figo yanaweza kuonekana katika jicho, naye atakayenyeshewa ana haki ya kuambiwa hivyo kwa lugha yake.